Makofi ya Mama Hayakuwa Ndiyo

Kwanza niseme wazi, sikuwa adui wa mnara wa simu. Watu wa mtaa wetu wa Katandala wakisimulia habari hii hupenda kuniweka kundi la washamba waliokataa maendeleo, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa ulezi na mahindi. Soko huria lilikuwa limeshafunguliwa, malori ya watu binafsi yanapanda kutoka Tunduma, na bei inabadilika kabla hujamaliza kushona gunia. Simu ya mkononi niliitaka kuliko wengi wao. Ninayo tayari, nimeifunga kwenye leso ndani ya pochi, lakini haina kazi, maana ili ishike mtandao ilibidi upande kilimani uanze kuzungukazunguka na mkono juu, watu wanakutazama. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za ushamba.

Nilichokataa ni mnara kusimama mahali pa nyumba ya mama yangu.

Nyumba hiyo aliijenga babu, baba yake mama, fundi mwashi aliyefundishwa kazi na mapadre. Matofali aliyachoma mwenyewe. Vigae vya paa vilifinyangwa misheni, na babu alilipwa vigae badala ya pesa kwa kazi aliyofanya kule kwa miaka. Upande ule wa mji wote ulikuwa nyasi na udongo, nyumba yake peke yake ndiyo ilikuwa nyekundu, na baraza lake lilikuwa na matao kama ya kanisa. Kabla zahanati haijajengwa, watoto walipimwa uzito kwenye baraza lile. Watu wazima walikaa pale kuongea habari za uhuru wakati kuongea habari hizo kulikuwa kosa. Ndugu waliotoka kijijini Mpui kuleta wagonjwa hospitali walilala humo, wengine hata hatukujua ni ndugu kwa upande gani. Mama alizaliwa humo, akaolewa Mpui, akafiwa na mume, akarudi humo na sisi watoto. Na baridi ya Juni ya Ufipa mnaijua. Ndani ya nyumba ile, mwezi wa Juni, ulikuwa unavua sweta.

Wapimaji walikuja wakati wa mavuno, mama yuko shambani Mpui. Aliporudi akakuta vigingi vimepakwa rangi nyekundu, kimoja kimepigwa mbele ya mlango wa jiko. Akadhani ni watu wa maji. Akakizunguka, akaingia ndani, akapika. Mimi ndiye niliyeambiwa na jirani kwamba ni kampuni ya simu, imepewa eneo na halmashauri.

Nikaenda ofisi ya ardhi. Ofisa alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa wetu, akanikunjulia ramani ya mipango miji mezani kwa heshima zote. Akaweka kidole. Mahali pa nyumba ya mama palikuwa peupe, pameandikwa eneo la wazi.

"Hapa hakuna nyumba," akasema.

"Ipo. Nimetoka huko sasa hivi, nimekunywa na chai."

"Kwenye ramani haipo, mama."

Jamani! Nyumba iliyojengwa kabla babu yake huyo kijana hajaota ndevu, haipo! Nikamuuliza aliyechora ramani alipita wapi, alifumba macho? Akasema ramani ilichorwa zamani, yeye kaikuta. Nikasema basi tazama faili la kiwanja. Akanituma masijala. Masijala wakasema faili halionekani. Njoo Jumatatu. Jumatatu mwenye ufunguo wa kabati yuko msibani. Njoo Alhamisi. Alhamisi kabati likafunguliwa, mle ndani mafaili yamelaliana, mengine yameliwa na panya, mengine hayana jalada, na karani anayapekua kwa ncha za vidole anaogopa vumbi. Halikuonekana. Nilirudi kwa ofisa nikamtupia mezani stakabadhi za kodi ya jengo ambazo mama alikuwa anazitunza ndani ya kopo la biskuti, nikamwambia, "Mlipokuwa mnachukua hizi mlikuwa mnatoza kodi jengo gani? Hewa?" Akasema hizo ni za idara nyingine.

Idara nyingine.

Lakini alinipa tumaini moja. Alisema halmashauri haiwezi kutoa kibali bila wananchi kusikilizwa. Kungekuwa na mkutano wa kata, mwenye eneo angesema neno lake, lingeandikwa kwenye muhtasari, na kamati ya mipango miji ingefuata muhtasari. Nikampelekea mama habari hiyo nikiwa nimefurahi. Mjinga mimi.

Sasa hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu ndipo tulipoibiwa.

Kwetu, mwanamke wa rika la mama hasimami mbele ya watu akaanza tu kusema. Anachuchumaa, anapiga makofi polepole, viganja amevikunja kidogo ili sauti itoke nene, ndipo anafungua mdomo. Akimaliza anapiga tena, kushukuru kwamba amesikilizwa, na wenzake waliokaa karibu wanamwitikia kwa makofi hayohayo. Hayana uhusiano na kukubali wala kukataa. Unapeleka habari ya msiba, unapiga. Wanakuja kumposa binti yako, unawajibu hatutaki, na bado unapiga. Ni adabu tu. Mtoto wa Kifipa anafundishwa akiwa bado hajui kujifunga kamba za viatu.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mtu wa kampuni alisema kwa ufupi, diwani akasema kwa urefu. Vijana walipiga miluzi kila likitajwa neno mtandao. Halafu mama akapewa nafasi. Akachuchumaa, akapiga makofi yake, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani. Akasema mnara hana ugomvi nao. Akasema nyuma ya shule kuna uwanda mkubwa ambao hata mbuzi hawaupendi, wauweke huko. Akasema nyumba ni ya baba yake, amekataa kuiuza mara nyingi, na leo anakataa mbele ya watu wote ili asiwepo wa kusema hakusikia. Hakutukana mtu. Akapiga makofi, wazee wenzake wakamwitikia, akakaa.

Aliyekuwa anaandika ni mtendaji wa kata. Naye nimweleze vizuri. Hakuwa mgeni. Ni Mfipa mwenzetu, kazaliwa hapahapa, mama yake na mama yangu wako jumuiya moja ya kanisa na wamelima kwa kusaidiana tangu ujana. Huyo mtendaji akiwa mdogo alikuwa anakuja kula kwetu, na mama alikuwa hampi sahani mpaka apige makofi sawasawa.

Barua ya kutuondoa ilikuja mvua zinaanza. Nikaenda nayo mbio halmashauri, kijana wa ardhi akanionyesha muhtasari. Niliusoma nimesimama. Ulisema mwenye eneo alitoa maelezo yake, na wananchi pamoja na mwenye eneo wakaafiki mradi kwa makofi.

Nilisoma tena. Maneno ya mama hayakuwemo. Uwanda wa nyuma ya shule haumo. Hapana yake haimo. Makofi tu.

Kama angekuwa mgeni ameandika vile, ningemwelewa. Ningemkalisha chini nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Lakini huyu alijua! Hilo ndilo lililonipandisha jazba, na halijashuka mpaka leo. Nilikwenda ofisini kwake sikubisha hodi.

"Umeandika nini wewe?"

"Dada, shikamoo kwanza."

"Shikamoo yako kaa nayo. Umeandika nini?"

Akaweka kalamu chini. "Makofi si yalipigwa?"

"Yalipigwa."

"Na mama naye alipiga?"

"Alipiga, na wewe unajua kwa nini."

"Basi mimi nimeandika kilichotokea, dada. Sijaongeza kitu."

Yaani alinijibu hivyo, ananitazama usoni. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, mama yake bado yu hai na anasali. Walinzi walinitoa. Nikaenda kwa diwani, akaniambia mtandao ni wa watu wote na nyumba ni ya mtu mmoja. Nikaomba kuonana na kamati ya mipango miji, nikasimamishwa mlangoni nikajibiwa kwamba kamati inafanya kazi na kilichoandikwa, na kama tuna malalamiko tuyaandike. Tukayaandika. Yakapokelewa masijala, yakagongwa muhuri. Mnajua kabati lile.

Mama hakwenda ofisi yoyote. Alijifunga kitenge chake cha kanisani akaenda kwa mama yake mtendaji, wakakaa jikoni, wakaongea. Jumapili baada ya misa yule mama alimleta mwanawe kwetu. Mtu mzima, ana pikipiki ya serikali, kaletwa kama mtoto aliyevunja chungu cha jirani. Akachuchumaa sebuleni mbele ya mama yangu, akapiga makofi, akaomba msamaha kwa Kifipa, na machozi yalimtoka, sitamsingizia. Alisema alibanwa kutoka juu. Alisema kampuni ilikuwa inataka eneo lenye barabara nzuri ya kupitisha mafuta ya jenereta, na wakubwa walishawaahidi.

Mama akamsamehe palepale. Ndivyo alivyo.

Mimi nikamuuliza, "Kesho utaenda kuusahihisha muhtasari?"

Akamgeukia mama yake. Mama yake akamwambia, jibu. Akasema muhtasari ukishapitishwa hauguswi, angepoteza kazi, ana watoto. Na mama yangu, badala ya kumtia adabu, akaniambia mimi ninyamaze nimletee mgeni chakula. Nikamletea. Nilikiweka mezani kwa kishindo mpaka mchuzi ukamwagika, na sijutii.

Walikuja kuvunja asubuhi. Tulikuwa tumeomba tushushe vigae kwanza, wakakubali, lakini dereva wa greda alikuwa analipwa kwa kazi, si kwa siku, na hakuwa na muda wa vigae vya mtu. Tulishusha vya upande mmoja. Mama alikaa kwa jirani, uso umeelekea ukuta, hakutaka kuona. Alisikia lakini. Kila tao lilipoanguka alisikia. Nyumba ile ilikuwa ngumu, greda lilirudi nyuma mara nyingi, na kuna vijana waliokuwa wanashangilia likirudi mbele. Fidia ilikuja baadaye. Tulilipwa thamani ya miti ya parachichi na ua wa mabanzi, kwa sababu kwenye karatasi zao pale hapakuwa na jengo. Wametulipa parachichi!

Mama akahamia kwangu, chumba cha nyuma, bati juu. Mwaka wa kwanza alikuwa akiamka asubuhi anatafuta dirisha upande ambao halipo. Baridi ilimpiga kifua. Sikumsikia akilalamika hata siku moja, na mimi nilikuwa nalalamika kwa niaba yake kuanzia nikiamka mpaka nikilala, mpaka watoto wangu wakawa wananikimbia. Alikuwa ananiambia, mwanangu, hasira zako zitakuua kabla yangu.

Miaka ikapita. Tayari minara ilikuwa imejaa mjini, na wakubwa walikuwa wameanza kuimba wimbo mwingine, utalii. Siku moja akaja ofisa utamaduni wa halmashauri, mstaarabu, ana jalada kwapani. Amekaribishwa, amekaa, amepewa togwa. Akaeleza kwamba wanaandikisha nyumba za kale za mji kabla kumbukumbu hazijapotea, na kila anapopita wazee wanamtajia nyumba ya vigae ya Katandala. Ameambiwa binti wa fundi bado yu hai.

Nilitaka kumrukia. Mama akaniwekea mkono gotini.

Akamjibu yote. Nani alijenga, matofali yalichomwa wapi, udongo wa vigae ulitoka bonde gani, nani walilala humo, watoto gani walipimwa uzito na sasa ni mapadre na wanajeshi. Ofisa aliandika haraka, anafurahi kweli, anarudia maneno. Nilimwona mama anachangamka. Sauti yake ilirudi ya zamani, na kwa muda kidogo hata mimi nilisahau ugomvi.

Wakafika mwisho. Ofisa akasema, "Sasa, mama, hapa wanataka nieleze nyumba iliondokaje. Nitaandika ilianguka kwa uchakavu."

"Haikuanguka," mama akasema. "Mliivunja."

"Ndiyo, naelewa. Lakini hii inakwenda halmashauri. Siwezi kuandika halmashauri iliivunja."

"Basi andika kwamba mwenye nyumba alikataa. Hilo ni langu, si la halmashauri. Andika walimuuliza na akasema hapana."

Ofisa akajaribu kucheka. "Mama, kumbukumbu zetu zinasema uliridhia."

Mama yangu, ambaye hakuwahi kumtoa mgeni kabla hajamaliza kinywaji chake, aliyemsamehe aliyemwibia maneno yake, alisimama. Alikuwa mzee sana wakati huo, kusimama kulimchukua muda, na wote tulisubiri. Akaenda mpaka mlangoni akaufungua wote, upepo ukaingia.

"Nimesema hapana," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, majirani walitoka nje. "Nilisema siku ile na nasema leo. Hapana! Sasa andika au toka."

Yule ofisa alinigeukia mimi, anatafuta msaada. Nikamwambia, "Kalamu unayo mkononi, baba. Andika."

Akaangalia karatasi. Mama yuko mlangoni, anapumua kwa shida, anangoja. Ofisa akafunga kalamu, akachukua jalada lake, akapita ubavuni mwa mama akiinamisha kichwa, akasema asante kwa togwa.