Leotis na Barua ya Kufutiwa Rekodi

Barua ilifika kwa mama yake, Bi Arzella, kwa sababu Leotis Crumpton hakuwa mtu wa kugawa anwani yake ovyo. Mama akampigia simu. Jumapili Leotis akaja na pikapu yake, akaegesha kando ya barabara, akasimama chini ya dirisha la ghorofa ya pili kama alivyosimama kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa.

Nyumba zile zilikuwa za manispaa ya Carrow Landing, mji wao mdogo kando ya Mto Mississippi upande wa Missouri, na jina la Leotis lilikuwa kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Kwa hiyo mama alikuwa na kapu lenye kamba. Kwa kapu hilo alimteremshia mwanawe kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, na yeye akampandishia dawa zake za presha. Siku hiyo liliteremka na bahasha.

"Isome kwa sauti," mama akasema kutoka juu.

"Ili mtaa mzima usikie?"

"Mtaa mzima unajua, Leotis. Hata mbwa wa jirani anajua."

Barua ilitoka kwa chama cha mawakili wa kujitolea. Ilisema kwamba wananchi wa Missouri walikwisha kupiga kura, bangi ni halali, na mahakama zinafuta rekodi za watu waliokamatwa nayo zamani. Rekodi yake ilionekana kurukwa. Aje Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi wa Kanisa la Mlima Nebo. Huduma ni bure. Kutakuwa na kahawa na keki.

Leotis akalisoma neno "keki" mara mbili.

"Siendi," akasema.

"Kwa nini tena, mwanangu?"

"Dewitt naye aliahidiwa keki."

Bi Arzella akavuta kapu lake juu, maana kisa cha Dewitt hakikuwa cha kubishaniwa. Mwaka 1998 Dewitt, binamu yake Leotis, alipata barua nzuri ya rangi: hongera, umeshinda televisheni, njoo uichukue katika ukumbi wa moteli. Akavaa shati jipya. Akakuta maputo, muziki, na keki kubwa yenye sukari ya buluu. Walipokwisha kujaa watu kama arobaini, wote wenye hati za kukamatwa kwa faini na makosa madogo madogo, milango ikafungwa, na yule bwana aliyekuwa akikata keki akatoa pingu. Televisheni haikuwepo. Tangu hapo kila barua yenye neno "bure" Leotis aliinusa kabla ya kuifungua.

Na yeye alikuwa na lake. Mwaka 1996, akiwa na miaka ishirini na miwili, alisimamishwa na polisi kwa taa ya nyuma iliyokufa, wakamkuta na mfuko wa bangi usiojaa kiganja. Wakili aliyepewa na serikali amtetee alizungumza naye dakika nne kwenye korido: kubali kosa, utapata kifungo cha nje, utarudi nyumbani leo. Akakubali. Kweli alirudi nyumbani siku ile ile, ila faili lilibaki likimfuata. Alikuwa amepata kazi ya kufunga majahazi ya nafaka mtoni, wakamwondoa. Akaomba kazi ghalani, hospitali, shuleni, na kila fomu ilikuwa na kile kisanduku kinachouliza kama umewahi kutiwa hatiani. Mwishowe akaacha kujaza fomu. Akajifunza kuchomelea vyuma, akawa anakata mapipa ya mafuta na kuyageuza majiko ya kuchomea nyama. Majiko yake yalisifiwa kata tatu. Lakini mama yake alipohamia nyumba za manispaa mwaka 2005, meneja alichapisha rekodi ya familia nzima, akaweka kidole juu ya jina moja, akasema, "Huyu asionekane hapa, la sivyo mama unafungasha."

Jumamosi hakwenda kanisani. Alikwenda ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la matairi, akakaa ndani ya pikapu tangu saa tatu, akihesabu magari. Hakuona la polisi. Hilo likamtia shaka zaidi. Hata polisi wajinga hawaegeshi mbele ya mtego. Akatazama watu wakiingia na, jambo alilolisubiri kwa hamu, watu wakitoka. Mzee mmoja aliyevaa ovaroli alitoka akiwa na kipande cha keki juu ya karatasi.

Leotis akashusha kioo. "Mzee, shikamoo. Huko ndani wamekuuliza nini?"

"Jina na tarehe ya kuzaliwa."

"Na mlango? Umefungwa?"

"Mlango?" Mzee akamtazama kama mtu anayetazama mbuzi juu ya paa. "Mlango umewekewa tofali usijifunge, kwa ajili ya joto. Una nini wewe?"

Leotis akaingia, akasimama karibu na lile tofali. Kwenye meza ya kwanza alikaa wakili kijana, Marguerite Tolliver, mwenye kompyuta na tabasamu ambalo Leotis aliliona limezidi kipimo.

"Karibu kaka. Jina lako?"

"Sikuja kwa ajili yangu. Nimemjia binamu yangu. Leotis Crumpton."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo yupo."

Kando ya wakili alikaa mwanamke mzungu wa miaka sabini na kitu, miwani ikining'inia kwa mnyororo. Akainua uso taratibu. "Wewe ndiye Leotis," akasema. "Mtoto wa Arzella. Umenenepa, lakini masikio ni yale yale."

Alimjua. Huyu alikuwa Bi Wilhoit, karani wa mahakama, aliyekuwa akipiga chapa mbele ya meza ya jaji siku ile anakubali kosa. Leotis akarudi nyuma hatua moja, kisigino kikagusa tofali.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu. Nani anakulipa wewe?"

"Hakuna. Nimestaafu."

"Miaka thelathini uliandika majina yetu, leo umeota huruma?"

Wakili Tolliver akataka kuingilia, lakini Bi Wilhoit akamzuia kwa mkono. "Sijui kama ni huruma," akasema. "Mjukuu wangu ameajiriwa katika lile duka la bangi kwenye barabara kuu. Ana beji yenye jina lake. Nimewaona wazee wa kanisa langu wakipanga foleni pale. Nimerudi nyumbani, usingizi ukanikataa."

"Kwa hiyo yeye ana beji, mimi nina faili."

"Ndiyo," akasema Bi Wilhoit. Hakuongeza neno, na hilo ndilo lililomfanya Leotis akae. Alikuwa amejiandaa kumsikia akijitetea.

Wakili akaingiza jina lake kwenye kompyuta. Akasoma, kisha tabasamu likapungua. "Ndiyo maana jaji amelipita," akasema. "Wanaanza na za kupatikana nayo tu. Hapa imeandikwa ulipatikana na bangi kwa nia ya kuuza."

"Uongo!" Leotis akapiga meza, vikombe vya kahawa vikaruka. "Sijauza hata jani! Ile ilikuwa yangu, ya Ijumaa na Jumamosi!"

"Nakuamini."

"Usiniamini. Mimi sikuamini wewe. Tafuta karatasi."

Bi Wilhoit alikuwa amevaa miwani na kuinama karibu na kioo cha kompyuta. "Karatasi ya mwanzo itakuwa kwenye masanduku, chumba cha chini cha mahakama," akasema mwishowe, sauti imebadilika. "Nitaomba ruhusa niitafute mwenyewe."

Leotis akatoka bila kugusa keki. Moyoni alisema, yule bibi ameona kitu, na anakwenda kukificha.

Zikapita wiki tatu. Kila siku iliyopita bila simu alimwambia mama yake, "Umeona?" Na mama akajibu kutoka dirishani, "Nimeona una kiburi cha baba yako, basi." Kisha simu ikalia. Wakili Tolliver alimtaka ofisini. Leotis akamwomba Dewitt akae nje na pikapu, injini ikiunguruma.

Ndani alikuta faili la karatasi, limegeuka rangi ya chai. Bi Wilhoit akalisukuma mbele yake. Hukumu ilisomeka wazi: kupatikana na bangi, basi. Hakuna kuuza.

"Sasa ile ya kompyuta ilitoka wapi?" Leotis akauliza.

"Mwaka 2003 tulihamisha mafaili kwenye kompyuta," akasema Bi Wilhoit. "Kila kosa lina namba yake. Aliyeingiza la kwako alikosea tarakimu moja, ikawa kosa jingine. Kila aliyeingiza aliacha herufi za jina lake." Akaweka kidole kwenye karatasi iliyochapishwa. "Herufi hizi ni zangu. Niliziona siku ile kanisani. Sikuwa na ujasiri wa kusema kabla sijawa na hakika."

Nje Dewitt alikuwa amefungulia redio. Leotis aliitazama ile tarakimu. Miaka hii yote alikuwa amesaka adui mwenye njama, mtu aliyekaa mahali akimchukia. Kumbe ni kidole cha mwanamke aliyechoka.

"Meneja wa nyumba za mama aliona hii ya kuuza," akasema polepole. "Kwa kosa la mfuko mdogo wanakuachia baada ya miaka mitano. Wa kuuza hawamwachii."

"Najua. Nimeuliza."

"Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Nilimwona akipandishwa ngazi na watu baki, mimi nimesimama barabarani."

Bi Wilhoit akavua miwani. Machozi yalimlengalenga, na Leotis hakutaka kuyaona.

"Usilie," akasema. "Andika. Yote uliyosema, uandike, uape, utie sahihi. Mbele yangu."

Akaandika hati ya kiapo ukurasa mzima. Leotis akaisoma mara tatu, akamsahihisha tahajia ya jina la mama yake, akaondoka bila kumpa mkono. Bi Wilhoit hakuudai.

Amri ya mahakama ilitoka mwezi wa nne: rekodi imefutwa. Meneja wa nyumba aliisoma akasema orodha itarekebishwa ndani ya siku thelathini. Leotis akahesabu thelathini na tano, kwa tahadhari. Jumapili hiyo akapanda ngazi. Alipanda upande mmoja, bega limeegemea ukuta, akisubiri mtu amwite jina kwa ukali. Hakuna aliyemwita. Mama alikuwa amesimama mlangoni na gongo lake.

"Futa miguu," akasema.

Akafuta. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko alivyoidhani. Mama akamwonyesha jiko, bafu, picha ya baba ukutani, kabati lisilofunga vizuri. Leotis akatoa bisibisi mfukoni akaanza na kabati, maana kukaa tu kitini ilimshinda. Alipoinuka aliona mama ameketi kitandani akilia bila sauti. Akaenda kukaa kando yake, wakabaki hivyo, mabega yamegusana, mpaka maharage yakaanza kuungua.

Mwezi wa nane alijaza fomu, ya kwanza baada ya miaka mingi: shule ya mji ilitaka mtu wa kuchomelea upya majukwaa ya uwanja wa mpira. Kwenye kile kisanduku akaandika hapana. Wiki mbili baadaye akaitwa. Kampuni inayouza taarifa za watu, ambayo shule iliiuliza habari zake, ilikuwa bado inayo ile rekodi ya zamani, yenye kuuza ndani yake.

Leotis hakushangaa hata kidogo. Alikuwa na nakala kumi na mbili za amri ya mahakama: moja kwenye pikapu, moja kwa Dewitt, moja chini ya godoro la mama, na nyingine zote kwenye mkoba uleule alioingia nao. Akaweka moja mezani, akaweka na kiapo cha Bi Wilhoit juu yake. Katibu wa shule, mama mmoja mpole, akasoma zote mbili, akapiga simu, akasubiri, akapiga tena. Saa nzima ilipita. Kisha akamsukumia mkataba na kalamu.

"Na hizi karatasi unaweza kuzichukua, Bwana Crumpton," akasema. "Hutazihitaji tena."

"Ahsante," akasema Leotis, akazirudisha mkobani. "Hebu nitolee na nakala ya huu mkataba."