Jinsi Tulivyomaliza Filamu Kadutu

Enzi zetu mtu hakuulizwa kama filamu ilikuwa nzuri kabla watu hawajakubaliana iliishaje. Nalisema hili kwa sababu mwezi huu nimetazama filamu nne: tatu nyumbani, kwenye televisheni ambayo binti yangu Faida ameiunganisha na simu yake kwa njia asiyonieleza, na moja katika ukumbi wa mjini, wenye viti vinavyolala kama vya daktari wa meno. Zote nne zilifika mwisho. Nimezipa alama, kama nilivyozoea tangu utotoni: kumi na moja juu ya ishirini, tisa, tisa, na saba. Saba ni ya ukumbini, ambamo watu wanaruka kutoka ghorofani kwa saa mbili na hakuna hata mmoja anayeteguka mguu. Nilipomwuliza Faida maoni yake alisema, "Iko bien, papa," yaani nzuri tu, akainamia simu.

Wakati wa Zaïre, sisi watoto wa mtaa wa Kadutu tulitazama filamu Jumapili mchana, katika ukumbi wa parokia. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, sisi sakafuni, magoti yamegusa migongo ya waliotutangulia. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na ndani mlinuka jasho, vumbi na mafuta ya nywele ya akina mama waliokuwa bado na nguo za misa. Nje, nyuma ya jiko, ilinguruma mashine ya umeme. Aliyeisimamia ni Papa Cishugi, mtu wa haki kupita kiasi: kila filamu aliipimia bidoni moja, yaani dumu, ya mazutu ya kuendeshea mashine, bila upendeleo. Filamu za farasi na bastola zilikwisha na mazutu yakabaki. Filamu za Kihindi ziliendelea saa tatu, na bidoni ilikuwa ya saa mbili na nusu. Tulipomlalamikia, Papa Cishugi alijibu, "Bidoni ni ileile. Muwaambie Wahindi wafupishe."

Kwa hiyo, na kaye, daftari langu la wakati ule, inathibitisha, sikuwahi kuona mwisho wa filamu ya Kihindi hata moja. Lakini niliujua mwisho wa zote. Mashine ikizimika, tulipiga miluzi kidogo kwa heshima ya desturi, kisha tukatoka kumtafuta Mama Nsimire, aliyeuza karanga mlangoni. Yeye alisema alikwisha kuziona zote, zamani, huko Bujumbura. Alifunga karanga katika vikoni vya karatasi huku anamalizia.

"Sasa musikilize. Wale ndugu mbili wako ku daraja, kila mutu na kisu, sivyo?"

"Ndiyo, mama!"

"Basi mama yao anatokea na sufuria ya maharagi. Anaona alama ku shingo ya mukubwa. Anawapiga wote mbili na mwiko, anasema: bapumbafu, muko damu moja! Wanalia, wanakula. Ilishaisha. Nani hajanunua?"

Nilirudi nyumbani na kuandika yote kwa wino: majina, silaha, idadi ya nyimbo, mwisho, alama. Filamu ya daraja niliipa kumi na nane.

Mwaka wa sita wa shule ya msingi, mwalimu wetu, Citoyen Mugisho, yaani Mwananchi, kama ilivyoamriwa watu waitane enzi hizo, alikuwa na kabati la vitabu lenye kufuli. Vilikuwemo vitabu arobaini na kitu, na nyumbani kwetu kulikuwa na kitabu cha sala na kalenda. Alitangaza kwamba mwanafunzi atakayejieleza vizuri kuliko wote mbele ya darasa atashika ufunguo mpaka mwisho wa mwaka, na kuchukua nyumbani kitabu anachotaka. Sikulala vizuri wiki nzima. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilieleza filamu ya daraja. Nilifuata kaye yangu hatua kwa hatua, na nilipofika kwenye mwiko darasa lilipiga meza. Hapo alisimama Bisimwa, mtoto wa mtaa wa kitajiri wa Muhumba, ambaye baba yake alifanya kazi ofisini na alikuwa na video nyumbani.

"Citoyen, huyu anadanganya! Filme iko kwetu mu kaseti. Mama yao hatokee. Mukubwa anakufa."

"Wewe ndiye ufe!" alipaza sauti mtu nyuma.

Mwalimu alimwambia Bisimwa aeleze. Alieleza kwa sentensi nne: polisi wanakuja, mkubwa anapigwa risasi, mdogo analia, wimbo. Darasa lilizomea. Citoyen Mugisho, aliyekuwa mtazamaji wa kila Jumapili na aliyenunua karanga kama sisi, alitoa ufunguo mfukoni akaugeuzageuza. Nadhani naye alikuwa anapoteza filamu nyingi kwa mpigo. Kisha akampa Bisimwa ufunguo.

"Ameona," alisema. "Wewe ulisikia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Nsimire. Nilimwambia nimekosa vitabu arobaini kwa ajili yake.

"Mutoto wangu, mi sijaingia mu sinema hata siku moja," alisema bila haya. "Mutu mwenye anatoka analia, anapita tu. Hanunue karanga."

Nilinunua kikoni kimoja, nikaenda zangu.

Ijumaa iliyofuata Bisimwa aliningoja nje ya darasa, ufunguo mkononi. Vitabu havikumpendeza, alijaribu kimoja akakuta hakina picha. Alikuwa na kaseti sita, alizozitazama peke yake mpaka akazichoka.

"Ile ya daktari mwenye anapofuka," alisema. "Mama Nsimire aliimaliza namna gani?"

Nilimwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta, akafungua kabati. Ikawa hivyo kila Ijumaa: mwisho mmoja, kitabu kimoja, na wiki nyingine viwili. Ilipokwisha miisho ya Mama Nsimire, nilianza kutunga yangu, na sikumwambia. Shule niliiacha miaka miwili baadaye, baba alipofariki, lakini vitabu vyote vya kabati lile nilikuwa nimevisoma. Ninachojua kilianzia hapo, na nilikilipia kwa uongo mtupu, kwa mwenzangu aliyekuwa na ukweli wote ndani ya kaseti.

Mwezi uliopita Faida alinitafutia filamu ya daraja. Ipo, kamili, na rangi zake zimesafishwa. Mkubwa anakufa, kama Bisimwa alivyosema. Nimeirekebisha alama: kumi. Watoto wetu wanaona mwisho wa kila kitu, kila mmoja na vifaa vyake masikioni, na hakuna anayeweza kuwadanganya. Nawaonea fahari. Ila wako wanne nyumbani, na Ijumaa zote hizi sijasikia hata mmoja akimwuliza mwenzake iliishaje.