Mpesheni wa Mwanasaumu

Mwanarusi wa Likoni hakuogopa usiku. Alichokiogopa ni saa sita mchana, wakati maua ya mpesheni wake yanapofunguka na nyuki weusi wakubwa, wale watoboao boriti, wanapoanza kuvuma uani. Katika uvumi ule alimsikia bintiye, Mwanasaumu, akiimba mdomo kaufumba, kama alivyozoea alipokuwa akifagia.

Mwanasaumu ndiye aliyeupanda mpesheni ule kwa mbegu, miaka miwili kabla ya homa kumchukua, mwaka wa themanini na nne. Upande wa pili wa ua palikuwa na mpesheni mwingine, wa Nyamvula, mke mwenzake Mwanarusi, aliyekuja nao kutoka kwao Kwale. Yote miwili ilizaa mpaka majirani wakachoka kugawiwa.

Mtoto alipozikwa, Mwanarusi alitafuta wa kumlaumu, na wa karibu alikuwa Nyamvula. Akamwita mchawi mbele za watu. Matano, mume wao, mwanamume aliyependa usingizi kuliko haki, akamwandikia Nyamvula talaka. Nyamvula akakata kipande cha mpesheni wake, akakifunga kwenye leso, akavuka feri kwenda kwa dada yake Port Reitz. Kesho yake Mwanarusi akaung'oa uliobaki, akauchoma.

Tangu hapo mpesheni wa mtoto ukawa wachanua na kupukutisha, hata tunda moja haufungi.

"Mwamuona mchawi?" akawaambia majirani. "Kauroga akiondoka."

Alihofu utamfia, na ndio uliobaki wa mwanawe. Akakata vipande, akapanda kumi na kimoja kuzunguka ua mzima. Navyo vikachanua, vikapukutisha.

Mwaka wa tisini alipita bwana shamba, Musyoka, kijana wa Ukambani mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Hii yote umeitoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yatoka kwa huu mmoja, wa marehemu binti yangu."

Musyoka alishika ua, akamwonyesha chavua, ule unga wa manjano. "Aina hii haijizalishi, mama. Ua huutambua unga wa mti wake na kuukataa. Ndiyo asili yake. Na hivi vipande, hata vingekuwa mia, ni mti ule ule mmoja. Unahitaji wa mbegu nyingine. Zamani ulizaa?"

"Ulizaa."

"Basi palikuwa na mwenzake hapa."

Mwanarusi aliketi chini. Aliyeufanya tasa mti wa mwanawe ni yeye, kwa mikono yake.

Siku ya tatu alivuka feri, amejiandaa kupiga magoti. Mlango ulifunguliwa na Mwanabibi, dada yake Nyamvula.

"Tulimzika mwezi wa Shaaban uliopita," alisema. "Mpaka mwisho alikuwa akimuombea mwanao."

Hakumkaribisha ndani. Alimkatia tawi la mpesheni wa marehemu kwenye ua wa nyuma, akampa.

Akalipanda, na mwaka uliofuata tawi lilichanua. Mwanarusi akauchukua unga kwa kidole chake, akaupaka kwenye maua ya mwanawe. Yakafunga, mengi, na kila tunda lilimwambia kuwa yule mwanamke hakuwa na hatia. Alipita nyumba kwa nyumba akikiri. Majirani walisema Mungu ni mwingi wa rehema, wakala. Yeye hakuonja hata moja.

Ikifika saa sita sasa asikia sauti mbili uani, ya mtoto na nyingine nzito inayomuitikia. Mwanarusi huacha anachofanya akaomba radhi kwa sauti, kwa jina la Nyamvula. Zile sauti haziachi kuimba, wala hakuna inayomjibu.