Matairi ya Harusi Yaliyokaa Sebuleni

Shemeji yangu ni fundi saa. Siku nzima yumo ndani ya kibanda chenye upana wa kabati, lenzi jichoni, akiokota kwa kibano parafujo ambazo mtu mwingine angezipuliza akidhani ni vumbi. Hapumui ovyo. Mteja akimuuliza saa yake itakuwa tayari lini, humjibu kwa sauti ya daktari bingwa, "Haraka ya nini?" Jioni hufunga kibanda, akaingia kwenye gari, na mtu yule hatumwoni tena mpaka kesho yake. Mtaani wanamwita Risasi. Mwenyewe anadhani ni sifa.

Gari lenyewe ni la marehemu mume wangu, mkaguzi wa shule, ambaye sidhani kama aliwahi kupiga honi maishani mwake. Alipotutoka, gari lilibaki uani kwangu na ufunguo ukabaki mfukoni mwa mdogo wake. Sikupinga. Nimesoma, nina shahada mbili, lakini kuendesha sikujifunza. Nyumba yetu ilikuwa na dereva mmoja mwenye akili zake, na alitutosha.

Nimeona niyaandike haya mwenyewe, kwa sababu yamesemwa mengi kuhusu msafara wa harusi ya binti yangu, na wanaosema hawakuwamo garini.

Yalianza siku tuliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nyumba yao iko chini ya mteremko, na mbele ya kibaraza mama wa kijana amepanga vyungu vya maua kama wanafunzi mstarini. Shemeji aliteremka kwa mwendo wake ule ule. Alipokanyaga breki, magurudumu yalisimama kwa utii kabisa. Gari ndilo lililoendelea na safari. Kwa hiyo tulijitambulisha kwa vyungu kwanza, kisha kwa watu.

Matairi yalikuwa vipara. Fundi anayewakemea wateja kwa kuchelewa kubadilisha betri ya saa alikuwa akitembelea mpira laini kama utosi wake.

Wakwe walisema hakuna neno, maua huota tena. Lakini baadaye baba wa kijana akanipigia simu, kwa ule upole unaochoma.

"Mama, siku ya harusi msijisumbue. Tutamleta dereva wetu amchukue bibi harusi. Yeye ni mzoefu wa mvua."

Mzoefu wa mvua! Binti wa mkaguzi wa shule atolewe kwao na dereva wa watu, kama gunia lililofuatwa ghalani! Nikashukuru sana, nikamwambia binti yetu atatoka kwa gari la baba yake, akiendeshwa na baba yake mdogo. Kisha nikamwita Risasi.

"Shemeji, ukiteleza tena, ni mimi nitakayempigia dereva wao."

Nilitegemea mzaha. Hakuleta. Alizungusha ufunguo kidoleni, akasema, "Kaka aliniachia vitu viwili, gari na huyu mtoto. Usininyang'anye vyote kwa siku moja, shemeji."

Tukaenda kununua matairi. Nilikwenda naye kwa sababu ninamjua.

Muuza matairi alikuwa mtu wa maneno, tumbo mbele, kalamu sikioni. Akatupangia matatu ukutani. La kwanza lilikuwa karibu halina mifereji. "Hili la jua, mzee. Kwenye lami kavu linang'ata kona kama simba. Mvua ikinyesha, kaa nyumbani." La pili lilikuwa na mifereji mirefu ya kutoa maji. "Hili la mvua. Ila mpira wake laini, jua kali linalila upesi, na kwenye kona kavu linayumba kidogo." La tatu akalipapasa kama anayeuza ng'ombe. "Hili sasa ni la yote. Tazama, pembeni mpira mpana wa kushikia kona, katikati mifereji minne ya kupitisha maji. Wewe unakimbia mwendo gani?"

"Inategemea," akasema shemeji.

"Inategemea mbele kuna maua ya nani," nikasema mimi.

Shemeji hakusikia. Alikuwa ameshavaa lenzi yake, amepiga magoti, anakagua mfereji mmoja mmoja kama anatafuta meno ya gurudumu la saa. Wateja wengine wakakusanyika kumwangalia. Mmoja akauliza kama mzee yule ametoka serikalini. Nikaondoka kidogo, nikasimama penye betri kama mtu asiyehusika.

Alichagua la tatu. Lazima niwe mwadilifu, alichagua vizuri. Mwenye akili timamu angeyafunga siku ile ile. Shemeji aliyaleta matairi manne sebuleni kwangu.

"Haya ni ya harusi," akasema. "Hayakanyagi tope kabla ya bibi harusi."

Yakakaa pale kati ya kochi na picha ya marehemu, yamefunikwa vitambaa vyangu vya kufuma. Jioni anakuja, anayafunua, anayafuta, anayafunika. Wageni waliyazunguka kwa adabu. Jirani mmoja alitaka kuegemeza mkono, akaambiwa, "Taratibu, mama." Nyumba nzima ilinuka mpira, na yeye akaendelea kukimbia mjini na vile vipara vyake.

Asubuhi ya harusi mvua ikatukuta. Muuza matairi alikuja na jeki yake kuyafunga, akapapasa moja, akakunja uso.

"Haya hamjayatembeza?"

"Kuyatembeza?" nikamuuliza. "Ni mbwa?"

"Mama, tairi jipya linatoka kiwandani na utelezi wake juu. Ni kama ngozi. Linatakiwa litembee taratibu siku kadhaa mpaka ngozi ile iishe, ndipo linashika barabara. Kwenye maji leo, mkikimbia au mkipiga breki ya ghafla, mtaogelea."

"Na dukani hukusema kwa nini?"

"Nilijua mnaondoka nayo chini ya gari! Nani ananunua tairi akaliweka sebuleni?"

Swali lilikuwa zuri. Nikamgeukia wa kulijibu. Alikuwa amechuchumaa kwenye matone, suti yake mpya imeloa magoti, anapitisha kidole juu ya mpira. Vipara vilikuwa pembeni, navyo tulishajua vinafanya nini kwenye maji. Barabarani dereva wa wakwe alikuwa tayari amefika kwa ajili ya msafara, amekaa ndani ya gari lao kubwa, anatutazama.

"Shemeji," Risasi akasema bila kuinuka, "mpigie. Ampeleke yeye. Siwezi kumtelezesha mtoto wa kaka."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa tangu vile vyungu. Nikayaweka kando.

"Ukifungua saa ya mtu unaharakisha?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi inuka, uliendeshe hili gari kama saa."

Tukaenda. Sijawahi kuona kitu kama kile. Alikamata usukani kwa ncha za vidole, hapumui, na kila kona aliifikiria mapema kama mtu anayepanga kujenga nyumba. Nyuma yetu dereva mzoefu wa mvua alipiga honi mpaka ikapata mafua. Baiskeli ikatupita. Mwanamke mwenye mwavuli alitembea sambamba na dirisha letu mtaa mzima, akisifu shela ya bibi harusi, mwishowe akatuaga akaingia dukani.

"Baba mdogo," binti yangu akasema, "nikishuka nikatembea nitawakosea?"

"Tulia, mwanangu. Kaka yangu ananiangalia."

Tukafika juu ya mteremko. Chini, vyungu vipya. Akaweka gia ndogo na kuteremka kwa kugusa breki kidogo kidogo. Gari likasimama mbele ya chungu cha kwanza bila kutingisha hata ua moja shelani.

Baba wa kijana akaja na mwavuli. "Mama," akasema, na sasa upole wake haukuchoma, "huu ndio mwendo wa watu wenye heshima zao. Vijana wangu wangekuja kama wameiba bibi harusi."

"Ndivyo tulivyo," nikamjibu.

Kwa hiyo wanaosema gari letu lilikuwa bovu, au kwamba binti yangu alikuwa akilia anataka kurudi, wajue. Alikuwa anacheka.

Tangu siku hiyo shemeji huendesha taratibu, maana muuza matairi aliniachia mimi kazi ya kuamua ngozi imeisha lini. Kila Jumamosi huinama karibu na gurudumu, lenzi jichoni.

"Shemeji, sasa imeisha?"

Nami huinama, nikavaa miwani yangu, nikatazama sana.

"Bado," humwambia.