Swali la Mtani

Mimi si mtu wa kukaa. Mama alikuwa akisema kila kiti ninachokalia kina siafu, na mpaka leo nikialikwa kwenye kikao huwekwa karibu na mlango ili nisisumbue watu nikitoka. Kwa hiyo ofisi ya mtaa pale Newala iliponichagua niende semina ya siku tatu, nilijua hawakuniteua kwa utulivu wangu. Mwenyekiti mwenyewe hakunificha. "Wewe una mdomo," alisema. "Utafikisha ujumbe." Basi nikaupeleka mdomo wangu semina.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, na semina zilituandama kama mvua za masika. Semina ya mikopo, semina ya ukimwi, semina ya kupulizia mikorosho dawa. Lakini hii iliitwa semina ya afya ya akili, na jina hilo lilitutia aibu wote tulioitwa. Jirani yangu aliponiona nimevaa gauni la kutokea asubuhi ya siku ya kazi aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia. Akashika kiuno. "Jamani," akasema, "kumbe imefika huko?"

Mkufunzi alikuwa muuguzi wa hospitali ya misheni, mama wa makamo, aliyepanda kwetu kutoka upande wa Masasi na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuwa na haraka ya jambo lolote. Mtu asiye na haraka hunichosha. Asubuhi nzima alitueleza kwamba moyo nao huchoka kama mgongo, kwamba mtu akivunjika mguu tunampelekea uji, lakini akivunjika moyo tunamwita mvivu. Sisi tuliitikia "ndiyo mama", huku macho yetu yakienda kwenye kreti za soda pale pembeni.

Halafu akageuza karatasi na kuanza kutaja dalili za mtu anayefikiria kujiua. Neno lile kwetu halisemwi mchana mbele za watu. Anajitenga, alisema muuguzi. Halali. Analiacha shamba. Na mara nyingine, baada ya kuhangaika sana, anatulia ghafla, kisha anaanza kugawa vile vitu vyake alivyokuwa akivipenda.

Juzi yake kaka yangu alikuwa ameniletea redio yake.

Niseme kidogo juu ya kaka na redio. Baba alifariki nikiwa mdogo, na kaka, mtoto wa kwanza, ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kubangua korosho, na mshahara wake ndio ulionivalisha sare za shule. Redio ile aliinunua kazini. Hakuna mkono mwingine uliokigusa kile kitufe chake cha kutafutia stesheni, hata mkono wa mkewe. Kisha kiwanda kikafungwa, wakaambiwa wangoje mwekezaji. Kaka akangoja. Mwekezaji alipokuja alitaka ghala tu, hakutaka mitambo wala mafundi wake, na kaka akarudi kijijini Mnyambe kwenye mikorosho ya familia. Watu walisema anakunywa sana uraka, ile pombe ya mabibo. Wengine walisema ana mawazo, na kwetu ukishasema mtu ana mawazo umemaliza, hakuna anayeuliza ni mawazo gani.

Siku hiyo alikuja Newala kwa miguu, redio imefungwa kwenye khanga ya mkewe. "Wewe unapenda kelele," aliniambia. "Chukua." Nami nikafurahi, nikaiweka juu ya kabati, nikampikia chai. Hata sikumuuliza baiskeli yake iko wapi.

Nilisimama pale ukumbini, kiti kikaanguka nyuma yangu. Sikuaga. Nilipata pikapu ya wanunuzi wa korosho, na njia nzima nilimsema dereva kwamba anaendesha kama anabeba mayai.

Nilimkuta kaka amekaa barazani kwake. Wifi yangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi na ndoo ya maji, na kwa macho tu alinionyesha kwamba mambo si mazuri.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Za Newala?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima. Hapa salama?"

"Salama kabisa."

Basi. Ukishapewa hilo "salama kabisa" na mtu uliyemwamkia shikamoo, mlango umefungwa na ufunguo umetiwa mfukoni. Nilijaribu. Nilianza na mvua, nikaenda kwenye mikorosho, nikageukia muhogo, nikazunguka swali langu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kumuuliza mtu aliyekulea kama anataka kufa ni sawa na kumvua nguo. Mwishowe nikachukua ufagio nikafagia ua uliokuwa umeshafagiwa. Wifi alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baiskeli kaka amempa mpwa wake, na panga zuri, lile la mpini wa mpingo, limekwenda kwa jirani.

Kesho yake nilifika semina nikiwa nimevimba kwa hasira. Muuguzi alikuwa ameanza kueleza la kufanya. Muulize wazi, alisema. Kumuuliza hakumpi wazo hilo; kunampa nafasi ya kulitoa. Nikasimama.

"Mama, hayo ni ya kwenye karatasi," nilisema. "Mimi jana nimekwenda. Ni kaka yangu mkubwa. Nikishasema shikamoo mdomo umeshafungwa. Nimuulizeje?"

Nilitaka anikasirikie, tugombane, angalau nitue huo mzigo kwa mtu. Hakukasirika. Alifunika kalamu yake ya wino mzito, akaja akasimama karibu yangu.

"Hata mimi nisingeweza kumuuliza kaka yangu," akasema. "Hapa kwenu ni nani anayeweza kumwambia kaka yako neno lolote, asikasirike?"

Mzee mmoja nyuma kabisa akasema, "Mtani wake," na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakaanza kupiga meza. "Mtani! Mtani! Mpelekeeni mtani!" Nilichukia kile kicheko. Mtu wangu anakufa, wao wanacheka. Lakini muuguzi hakucheka, na hakuwazuia. Aliandika neno hilo kwenye karatasi yake, chini ya maneno aliyokuja nayo.

Mtani wetu aliuza ming'oko, vile viazi vya porini, pale sokoni. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na yeye aliufanya utani kama kazi ya ajira. Baba yangu alipokufa, wakati sisi tunalia, yeye alivaa kofia ya marehemu akawa anatembea uani kwa mwendo wake, akikohoa kwa kikohozi chake, mpaka mama akacheka huku machozi yanamtoka. Pua ya kaka aliitukana tangu wakiwa watoto. Nilipomweleza habari, hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alifunika ming'oko yake kwa gunia. "Twende," alisema.

Njiani aliniuliza jambo moja tu. "Nikimuuliza, akijibu ndiyo, nifanyeje?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. "Usiondoke. Usimhubirie. Kaa naye umsikilize, halafu tunampeleka hospitali."

"Kukaa naweza," akasema. "Wewe ndiye huwezi."

Alianza kupiga kelele kabla hatujaufikia ua. "We mwenye pua ya sufuria! Nasikia unagawa urithi ungali hai! Baiskeli umetoa, redio umetoa, mimi mtani wako hata kijiko sijaonja!"

Kaka aliinua kichwa. Kitu kama tabasamu kilimpitia mdomoni. "Watani hawarithi," alisema.

"Hawarithi, lakini kwenye msiba wako nani atahangaika? Si mimi? Nani atakayevaa hayo makoti yako ya kunguni? Basi niambie mapema nijipange." Akakaa chini kwenye mchanga, mbele yake kabisa, miguu kaikunja, na sauti yake ilikuwa ile ile ya utani. "Unataka kufa?"

Miguu yangu ilitaka kukimbia, na ulimi wangu ulitaka kusema, kaka, anatania tu. Nilishika nguzo ya baraza. Mtani alikuwa akimtazama usoni, anangoja, bila kuongeza neno.

Kaka akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, nilikijua. Lakini hakikuishia pale vicheko vinapoishia. Kilikwenda mbele na kugeuka.

"Nimechoka, mtani," alisema.

"Sijauliza kuchoka."

Alifuta uso kwa kiganja. "Nataka," alisema.

Wifi aliweka chini ungo wake. Nami nikaanza kusema kitu, sijui kitu gani, na mtani bila kugeuka akashika pindo la khanga yangu akalivuta chini. "Kaa." Nikakaa. Katika maisha yangu nimebeba ndoo za maji kutoka bondeni, nimezaa, nimelima mawe, na sijafanya kazi ngumu kama kukaa kwenye mchanga ule.

Kaka alisema. Alisema kwamba kila alfajiri bado anaamka saa ya king'ora cha kiwanda, ingawa king'ora hakipo tena. Anaamka, anavaa, anakaa kitandani amevaa viatu, na hana pa kwenda. Mikono yake, alisema, inajua mashine moja tu, na mashine hiyo ipo, ameiona, imepangiwa magunia juu yake. Alisema hayo yote kwa mtani, hakututazama sisi. Mtani aliitikia tu "eeh", na mara moja moja akasema, "endelea, pua." Jua lilipoinama bado tulikuwa pale pale.

Siku ya tatu ya semina sikuhudhuria, kwa hiyo cheti sikupewa. Muuguzi alipomaliza alipitia Mnyambe kabla ya kushuka zake, akazungumza na kaka peke yao ndani, na wiki iliyofuata tulishuka na kaka hospitali, mimi, wifi na mtani. Alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Sitaki kudanganya kwamba alipona kama mtu aliyetolewa mwiba. Zilikuwepo siku alizogoma kuamka, na zilikuwepo siku nilizofika kwake mbio bila sababu, nikaambiwa yuko shamba, nikakaa chini njiani nikalia. Mtani alikwenda kumtukana kila baada ya siku mbili za soko.

Redio ilibaki juu ya kabati langu. Sikuiwasha. Watoto waliiomba wasikilize mpira, nikawafukuza. Niliipangusa vumbi tu, na kila nilipoipangusa niliichukia.

Msimu wa mabibo ulipofika, asubuhi moja nikiwa naosha vyombo, nilisikia kengele ya baiskeli. Nikaijua kabla sijageuka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Redio yangu iko wapi?"

Nilisimama na mikono yenye mapovu. "Si ulinipa?"

"Nilikuazima. Lete."

Nikaileta. Aligeuza kitufe, redio haikulia. Akafungua mfuniko wa nyuma, na betri zilikuwa zimevuja, zimeota ukungu wa kijani, zimekula chuma. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipochafua daftari la shule.

"Hujui kutunza kitu!" alifoka. "Betri zinaachwa humu msimu mzima? Huna akili? Nani aliyekufundisha? Lete kisu. Lete na kitambaa. Sicho hicho, kikavu!"

Tangu kiwanda kifungwe alikuwa hajanigombeza. Nilimletea kisu na kitambaa kikavu, nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake, nikagombezwa mpaka alipomaliza.