Jani Lililokuwa Mbele ya Goli

Katika kipindi cha pili tulifungwa mabao tisa, na sisi mabeki wanne hatukuwa tumeumia wala kuchoka. Tulisimama kando tukatazama mpira ukipita. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeisha bila bao.

Nimesikia mechi hiyo ikielezwa kwa namna nyingi. Wapo waliosema ni ukungu. Wapo waliosema wenzetu walichezesha watu wazima wenye watoto nyumbani. Wengi walisema kipa wetu alituuza. Mimi nilikuwa beki wa kati, hatua chache mbele yake, na ninaandika niliyoyaona, kwa mpangilio uleule.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mwezi wa Julai, wakati huku mlimani jua linaweza kukosekana wiki nzima. Shule yetu ya sekondari ilikuwa upande wa Uru, juu ya Moshi, katikati ya mikahawa na migomba. Tulilima shamba la shule, tukasoma, na jioni tukacheza mpira. Siku hiyo tulicheza na shule ya tambarare, karibu na mashamba ya miwa. Mshindi angekwenda mashindano ya mkoa. Aliyeshindwa angerudi kwenye jembe.

Kwa kipa wetu kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Alikuwa kidato cha nne. Baba yake alitoka mkoa mwingine akaja kukata miwa, na yeye alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi. Kikosini alikuwa peke yake asiyejua Kichagga. Bwana mmoja wa timu ya kiwanda cha sukari alikuwa amemwahidi kuja kumtazama. Akiridhika, angempa nafasi golini na kazi ya karakana. Asiporidhika, kipa angeshika panga akate miwa pamoja na baba yake. Alituambia hayo mwenyewe, akifunga kamba za viatu.

"Beki zangu, leo msiniangushe," alisema. "Mkinifungisha nitawatukana mbele ya mama zenu."

"Tukana tu," beki wa kushoto akamjibu. "Mama yangu Kiswahili cha kambini hakijui."

Bwana wa kiwandani alifika kwa pikipiki, amevaa koti refu, akasimama karibu na kibendera cha kona. Kipindi cha kwanza kipa aliokoa mipira mitatu ambayo mimi nilikuwa nimekwisha kuihesabu kuwa mabao. Wa tatu aliutoa kwa ncha za vidole, akaangukia bega, akainuka na tope usoni. Yule bwana alipiga makofi. Nilimwona.

Wakati wa mapumziko ukungu ulishuka. Ulipita juu ya migomba kwanza, kisha ukalala uwanjani. Tulikaa barazani mwa madarasa tukila ndizi mbivu, na kutoka pale magoli hayakuonekana, hata lile la karibu. Sauti za watazamaji upande wa pili zilitufikia kama watu wanaozungumza ndani ya nyumba iliyofungwa. Mwalimu wa michezo, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alituambia tuendelee vilevile. Filimbi ilipolia tukabadilishana magoli. Kipa alitangulia, akakimbia peke yake mpaka ukungu ukammeza.

Shambulio la kwanza lilikuja upande wangu. Nilirudi mbio kumkata mshambuliaji wao ndani ya kumi na nane, nikatazama chini ili nisiteleze. Mbele ya kiatu changu palikuwa na jani la isale lililofungwa fundo. Nikasimama. Mshambuliaji akapita, nikasikia mpira ukigonga wavu.

Isale ni mmea wa majani marefu na membamba. Ndiyo ua wa mipaka ya vihamba vyetu, mashamba tuliyorithi, na hupandwa pia makaburini. Jani lake likifungwa fundo na kuwekwa mbele yako, mtu anakuomba msamaha. Hulikanyagi wala hulisukumi. Ukiliokota, umesamehe, na neno hilo halirudishwi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nimesoma fizikia, nilikwenda kanisani kila Jumapili, na mguu wangu haukuinuka.

Tena niliona kwamba limeletwa kwangu. Nyumbani tulikuwa na ugomvi wa mpaka, na mwaka uliotangulia ulimwaga damu ya kaka yangu. Nikiliokota, ninamsamehe nani? Kwa ruhusa ya nani?

Nilimwonyesha beki wa kushoto kwa kidevu. Alilitazama, uso ukabadilika. Baadaye nilijua kwamba yeye naye aliona limeletwa kwake, kwa ajili ya dada yake. Beki wa kulia alikuwa na lake, na yule wa nne pia. Kila mmoja alikuwa na kidonda nyumbani ambacho jani lile lilikitosha. Hivyo tukaanza kucheza kwa kulizunguka, na wenzetu wakagundua kwamba mbele ya goli letu pana njia isiyo na mtu.

Bao la pili, la tatu, la nne. Watoto wa tambarare walilikanyaga kila walipopita. Refa naye alilikanyaga. Fundo halikufunguka, wala jani halikuchanika.

"Kipa, funga mlango, ng'ombe wanatoka!" mtu alipiga kelele ndani ya ukungu.

"Ndizi hazina nguvu!" walijibu upande wa pili. "Njooni tuwape miwa mnyonye!"

Baada ya bao la sita kipa alitoka golini, akanishika jezi kifuani.

"Nyie mna nini? Mmelogwa? Yule bwana yuko pale anaangalia!"

Hatukuwa tumezoea kuwaeleza watu wengine mambo hayo, na hapo uwanjani ningeanzia wapi? Nikatazama chini tu. Alifuata macho yangu, akainama, akaliokota jani, akalisokomeza kwenye mfuko wa kaptura yake.

"Ndiyo hiki?" alisema. "Uchafu huu?"

Watazamaji waliokuwa nyuma ya goli walinyamaza, na ukimya ule ukatembea kando ya uwanja mpaka ukafika upande wa pili. Sasa njia ilikuwa wazi kwetu. Lakini tulizidi kwenda mbali naye. Hakuna aliyetaka kukaribiana na mtu aliyekubali jambo asilolijua. Mabao matatu ya mwisho yalifungwa na watu waliotembea.

Bwana wa kiwandani aliwasha pikipiki kabla ya filimbi ya mwisho. Alipokuwa akiondoka, nyuma yetu watu walikuwa wakisema kwa sauti kwamba kipa amewauzia mechi ndugu zake wa mashamba ya miwa. Alisikia. Kipa naye alisikia, akatugeukia sisi wanne, akisubiri mmoja aseme kitu. Tukavua viatu.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha nikateremka Moshi mjini, nikapata lori la miwa linalorudi tupu, nikaenda kambini kwao. Chini kule kulikuwa na jua na vumbi. Nilimkuta baba yake mlangoni akinoa panga, nikamwamkia. Kando yake palikuwa na panga la pili, jipya.

Kipa alinisikiliza mpaka mwisho, juu ya isale, juu ya fundo, juu ya mguu wangu. Hakucheka.

"Kwa hiyo mliogopa jani."

"Tuliogopa aliyeliweka."

"Pale ulipoliona wewe," alisema, "nililiweka mimi."

Nikamwomba arudie. Alisema kwamba alipofika golini baada ya mapumziko alilikuta juu ya mstari, katikati kabisa ya milingoti, limenyooshwa vizuri, fundo likimwelekea. Alidhani ni takataka ya watoto. Alilirusha mbele ili lisimsumbue, likaanguka pale nilipokuja kulikuta.

Mabeki wanne tulikuwa tumegawana jani ambalo halikuwa letu.

"Liliwekwa kwa ajili yako," nikamwambia.

"Mimi? Huko juu simjui mtu. Nani ananiomba msamaha? Amenikosea nini?"

Siku ile, kabla ya kipindi cha pili, hakuna mtu huko juu aliyekuwa amemkosea; kosa letu lilikuja baadaye. Nilimwambia kwamba nitakwenda kwa bwana wa kiwandani nimweleze yote, ili jina lake lisafishwe. Alitikisa kichwa. Nafasi golini ilikuwa bado haijapata mtu, alisema. Wangesubiri mpaka mwisho wa mwezi.

"Lakini ukimpelekea habari ya jani atakufukuza. Mpelekee mtu. Niletee aliyeliweka, aseme kwa mdomo wake. Yule bwana ataamini mtu."

Nilimuuliza jani liko wapi. Alilitoa chini ya godoro. Lilikuwa limekauka kingo, fundo bado limebana. Aliniuliza kama alifungue. Nilimwambia sijui, asilifungue.

Nikaanza kumtafuta mtu huyo kwa utaratibu. Niliwauliza wenzangu tisa, mmoja mmoja, kila mmoja mbali na wengine. Wote walikuwa barazani wakati wa mapumziko, na mwalimu alikumbuka kwamba hakuna aliyenyanyuka. Niliwauliza watazamaji waliosimama nyuma ya goli lile. Walisema ukungu ulikuwa mzito na hawakuona mtu akiingia wala akitoka. Mmoja alisema alisikia mtu akipita kwenye nyasi, polepole, lakini hakuweza kusema alielekea wapi.

Nikaenda kwa bibi yangu, mama yake baba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda. Mtori uko jikoni."

Nilimweleza bila kumtaja mtu. Aliacha kumenya ndizi.

"Isale huja nyuma ya kosa," alisema. "Nimeyaona mengi, tangu sijaolewa. La kutangulia sijaliona."

"Mtu anaweza kuomba msamaha wa kosa ambalo bado hajalifanya?"

"Basi huyo anajua atalifanya." Akachukua ndizi nyingine. "Usimwulize mtu mwingine habari hiyo. Kula."

Nilibakiwa na njia moja. Jani la isale haliokotwi njiani. Mtu hulikata kwenye ua. Karibu na goli lile kulikuwa na ua mmoja tu, wa mama mjane ambaye kihamba chake kinapakana na uwanja. Nilimwomba ruhusa, akaniruhusu, akasimama akinitazama mikono ikiwa nyuma. Siku nne kabla ya mwezi kwisha nilianzia kwenye kona ya juu, nikapitia mmea mmoja baada ya mwingine, jani baada ya jani, mpaka kona ya chini. Nikarudia kwa kuanzia chini. Palipokatwa jani kovu hubaki miezi mingi. Kwenye ua ule hapakuwa na jani hata moja lililokatwa, na mimi sikuwa na mtu wa kumpelekea bwana wa kiwandani.