Nyongeza Niliyoiomba Mbuya

Mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akisema uongo anasema ili apate kitu. Sasa niambie, kwa kisa hiki nitapata nini? Wateja wamepungua, usingizi umepungua, na jirani niliyempenda kuliko wote siku hizi ananipita kama nguzo ya umeme. Ukitaka kuamini, amini. Ukitaka kucheka, cheka. Ila kaa mpaka mwisho, maana mwisho wake unakuhusu wewe.

Nina duka la vinywaji Kabalagala, hapa Kampala, chumba kimoja chenye mlango wa chuma. Nilizaliwa Mwanza, nikaolewa huku, nikafiwa huku, nikabaki. Nahesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ya sadaka. Na sikuwahi kununua kitu nikaondoka bila nyongeza. Kama umekaa Kampala unanielewa: ukinunua fungu la nyanya, mama wa sokoni anakurushia moja juu. Ukinunua dagaa, anaongeza kiganja. Asiyeomba nyongeza ni mgeni au tajiri. Ugeni ulishanitoka zamani, na utajiri haujawahi kunijua.

Basi, msimu mmoja wa mvua nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba kule Mbuya. Mpangaji wake, Mzungu ambaye ukoo wake unalima mizabibu tangu enzi za mababu, alikuwa amerudi kwao moja kwa moja na kuacha mvinyo mwekundu kwenye stoo. Si ule wa pakiti wanaokunywa wanafunzi. Mvinyo wa shamba la nyumbani, wenye jina la ukoo kwenye chupa.

"Nenda tu," aliniambia. "Utaelewana na mzee wa pale."

Nilifika saa kumi alasiri, mvua ikipiga kama mtu anayedai kodi. Getini alikuwepo askari mmoja, Okello, amejikunyata kibandani, redio yake ikitangaza mpira. Hakutoka. Alinyoosha mkono tu kuelekea nyuma ya nyumba.

"Stoo iko pale chini, mama. Mulango iko wazi."

Nikashuka ngazi za mawe. Stoo ilikuwa chini ya nyumba yenyewe, haina dirisha, baridi kama ndani ya friji. Mshumaa uliwaka juu ya kasha, na nyuma ya mshumaa alisimama mzee. Alivaa aproni ya bluu iliyopauka. Mikono yake ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko, kama mtoto aliyevamia mti wa zambarau akasahau kunawa.

"Karibu, mama. Viatu vimelowa. Pole."

Niamini, nilisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha soko la samaki Mwanza, na maneno aliyavuta pale pale ambapo marehemu baba yangu alikuwa akiyavuta. Nikajiambia, huyu aliishi kule. Kampala ina watu wa kila mahali, kwa nini isiwe na huyu?

Akanieleza habari za shamba. Mlima wenye mawe mengi kuliko udongo. Ukoo mmoja, baba akimwachia mwana. Zabibu zinachumwa kwa mkono asubuhi kabla jua halijazipasha, halafu mvinyo unalala kwenye mapipa ya mbao mpaka mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa mavuno aanze shule. Alieleza kama mtu aliyekuwepo kila mara. Akanimiminia kidogo nionje.

Nimeonja vinywaji vingi, vingine vimeninyima sauti. Huu ulikuwa kitu kingine. Kwanza zambarau iliyoiva mpaka ikadondoka yenyewe. Kisha udongo dakika ya kwanza ya mvua. Kisha, ukishameza ukadhani umekwisha, unakuja moshi mwembamba wa jiko la jirani, na wewe una njaa. Nilitaka kusema "Subhana." Nikasema, "Si mbaya."

Mzee akacheka. "Wewe ni mnunuzi."

"Na wewe ni muuzaji, mzee. Bei?"

Akataja bei.

"Kwa bei hiyo nitauza na viatu vyangu."

"Viatu vyako vimelowa, mama. Havifiki popote."

"Na mvinyo wako umezeeka."

"Ndiyo sifa yake. Sisi wengine ndiyo tunazeeka bure."

Tulikwenda hivyo, akipanda, nikishuka. Nilifanya kama naondoka, akafanya kama haoni. Mwisho tukakutana katikati, nikamhesabia fedha mkononi, akapanga kasha mbele yangu. Nikahesabu chupa kumi na mbili. Nikahesabu tena, kumi na mbili. Na mdomo wangu, kwa mazoea tu, bila kuniuliza mwenyewe, ukasema, "Na nyongeza?"

Mzee akaacha kufunga kasha. Akafuta mikono kwenye aproni, polepole, ingawa ile zambarau haikutoka.

"Nyongeza gani?"

"Ah, mzee, yoyote tu. Chochote kilichomo humu."

"Umesema mwenyewe?"

"Kwani nimesema kwa mdomo wa nani?"

Akatabasamu kama mtu aliyesikia lango likifunguliwa baada ya kungoja sana. Akavuta kutoka kizani chupa moja isiyo na karatasi wala jina, akaiweka kando ya kasha.

Ile chupa sikuipenda. Sina maelezo zaidi ya hayo. Nikasema nitaichukua safari ya pili, nikajitwisha kasha, nikapanda ngazi, nikausukuma mlango kwa bega.

Mlango ukafunguka, na mbele yangu zikawepo ngazi za kushuka, na chini yake mshumaa, na mzee, na chupa isiyo na jina.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilihesabu. Nikageuka, nikapanda tena, nikasukuma tena. Ngazi, mshumaa, mzee. Kila mara kasha likazidi uzito, na kila mara yeye amesimama pale pale, mikono imekunjwa, kama mtu anayengoja mteja amalize kununa.

La kuudhi zaidi ni kwamba dunia ilikuwa karibu. Nyuma ya ukuta nilisikia mvua, nikasikia redio ya Okello na mtangazaji akipiga kelele za goli. Nilimwita mpaka koo likakwaruza. Kasha likiwa miguuni, nikampigia simu, maana namba yake nilipewa na mama mwenye nyumba. Simu ikaita nje, naisikia kwa masikio yangu mawili. Akapokea. "Hallo? Mama? Hallo?" Nikapiga ukelele. "Haisikiki," akasema, kwa upole kabisa, akakata.

Nikakaa kwenye ngazi.

"Nimesamehe nyongeza," nikamwambia mzee. "Sitaki tena. Nipe njia."

"Mimi nipo humu tangu lini sijui," akasema, "na sijawahi kumsikia mtu akisamehe nyongeza. Biashara haijaisha, mama. Umeomba, nimetoa, hujachukua."

"Basi chukua mvinyo wako wote. Nirudi mikono mitupu."

"Mvinyo tumemaliza bei. Imebaki hii."

"Hii ni nini?"

Akaitazama ile chupa kama unavyotazama nyumba uliyokulia.

"Ni mimi."

Akanisimulia, na hakuinua sauti hata mara moja. Alikuwa mtunza mapipa wa ule ukoo. Siku moja alikuja mnunuzi mkali, akabishana na bwana mwenye shamba mpaka jua likatua, na walipopatana, mnunuzi akaomba kuongezewa kitu. Bwana akatazama huku na huku, akamwona yeye amesimama mlangoni. Akasema, chukua na huyo.

"Wakacheka," mzee akasema. "Na mimi nikacheka. Ilikuwa mzaha mzuri. Nikatoka nao mpaka kwenye gari la farasi, nikicheka. Tangu siku ile naenda unakokwenda mvinyo, kwa anayeniomba, mpaka mikono ya watu ikanirudisha kwa ukoo ule ule. Mpangaji wa hapa aliniomba kwa babu yake, akiwa mtoto. Alipokimbia aliniacha, kwa sababu hakupata wa kuniomba, na sasa huko kwao kila mlango unamkatalia."

Nilitaka kumhurumia, nikashindwa. Ukiwa shimoni humhurumii mwenye shimo.

Lakini mimi ni mtu wa kupatana, na nikaona kama nimebanwa, angalau nibanwe kwa masharti. Nikamuuliza nitamtunza vipi. Akasema hatakula, hatalala, ila kila jioni kabla sijafunga nihesabu chupa na yeye nimhesabu, maana aliyeachwa kuhesabiwa ndiye aliyepotea. Nisipohesabu, mlango hautafunguka. Nikasema asivuke kwenda ninapolala. Akakubali. Nikasema asiwaguse wanangu. Akaudhika. "Mimi ni mtunza mapipa, mama, si mnyama."

"Na nikitaka kukutoa?"

"Mtu aniombe mwenyewe, kwa mdomo wake, kama ulivyoomba wewe. Utanitoa na utakuwa huru. Mimi sitakataa, nimezoea."

Nikaichukua chupa. Ilikuwa na joto la kiganja. Nikajitwisha kasha, nikapanda ngazi, nikasukuma mlango, mvua ikanipiga usoni, na sijawahi kupigwa na kitu kitamu kama ile mvua.

Okello alikuwa bado kibandani, mtangazaji bado hajamaliza lile goli lake.

"Umerudi haraka, mama."

"Yule mzee wa stoo ni nani?"

"Muzee gani? Stoo haina mutu." Akajigonga kifua. "Muzee wa hapa ni mimi. Tuelewane sasa. Toa ngapi?"

Fedha zangu zote zilikuwa bado kiunoni, ingawa nakumbuka kumhesabia yule mzee mkononi. Nikapatana na Okello upya. Tulipomaliza alinitazama, anangoja. Hata yeye alijua kinachofuata.

"Huombi nyongeza?"

"Leo hapana, ssebo," nikamjibu, kwa ile "bwana" ya Kiganda.

Zile kumi na mbili niliziuza upesi, baa moja ilizichukua zote na kuniuliza kama zipo nyingine. Ile moja ipo rafu ya juu, nyuma ya soda. Nimewahi kuitupa kwenye mtaro wa Katwe. Niliporudi ilikuwa mahali pake, kavu. Kila jioni nahesabu chupa zangu, halafu nahesabu tena, na mara ya pili inazidi moja. Jioni niliyojaribu kuiruka nisiihesabu, mlango wa chuma ulikataa kufunguka, na nilikaa ndani nikisikiliza boda zikipita na watu wakicheka hatua mbili kutoka kwangu, mpaka nikasema kwa sauti, "Na wewe, mzee." Kitasa kikalegea.

Tangu hapo sijalala nje ya Kampala. Mwanangu alijifungua Mwanza, mjukuu wangu wa kwanza, nami namwona kwenye simu tu. Nani angehesabu?

Sasa nikwambie kuhusu Furaha. Ni Mkongo wa Bukavu, anauza vitenge mlango wa pili, na huniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Nilipofiwa yeye ndiye aliyenipikia siku zote za msiba. Jioni moja alikuja kununua soda za ubatizo wa mwanawe, kreti nzima. Tulibishana bei tukicheka, akalipa, akaweka mkono kiunoni.

"Haya yaya, na nyongeza yangu je? Unipe kitu basi, kitu chochote."

Chupa ya rafu ya juu ikagonga ukuta, mara moja, taratibu, kama mtu anayejisafisha koo. Furaha hakusikia. Mimi nilikuwa nimeshainua mkono. Nakuapia, mkono ulikuwa juu, vidole vimegusa lile joto, nikaona safari ya Mwanza, nikamwona mjukuu. Halafu nikamwona Furaha akihesabu chupa peke yake, watoto wake wakimngoja nje ya mlango usiofunguka.

"Sina nyongeza," nikasema. "Nenda."

"Yaya, ni mimi."

"Nimesema nenda! Kwani hapa ni kwa baba yako?"

Alichukua kreti yake akaondoka. Hajarudi tena. Siwezi kumweleza, maana nikimweleza atacheka, na akicheka ataniomba tena kwa mzaha, na sina hakika na mkono wangu.

Kwa hiyo, wewe unayesoma: duka langu lipo wazi, na soda zangu ni baridi. Njoo. Bishana nami utakavyo, nitukane, fanya kama unaondoka, nitakuita. Lakini tukishapatana, chukua ulichonunua, ufunge mdomo, uende. Nimeshakataa mara nyingi, na mjukuu ameanza kutembea. Usiniombe nyongeza.